Sekunde Sitini za Kumtoa Mtu Nyumbani

Vikundi vingi vya wanafunzi hukumbuka trela wiki ya mwisho kabla ya onyesho, tiketi zikiwa bado mezani na mlezi wa kikundi ameshaanza kuuliza maswali. Anatafutwa mwenye simu yenye kamera nzuri, anasimama nyuma kabisa ya ukumbi siku ya mazoezi na kurekodi mchezo mzima. Usiku uleule mtu anakata vipande vya hapa na pale, anavibandikia wimbo unaovuma na maandishi ya rangi ya dhahabu yanayozunguka, kazi imekwisha. Kinachoonekana ni watu wadogo, mbali, gizani, wakipunga mikono, na maneno yasiyosikika vizuri kwa sababu yanagonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye simu.

Simu haina kosa hapo. Simu za siku hizi zinatosha kabisa kwa kazi hii. Kasoro iko kwenye wazo, na hapo ndipo ningependa mwanze.

Trela ya mchezo wa jukwaani ina kazi moja: kumfanya mtu aliyejilaza kitandani na simu mkononi aamue kwamba Ijumaa jioni atavaa, atapanda daladala, atalipa kiingilio na kukaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili nzima. Mtazamaji wa filamu anaweza kuona trela na filamu yenyewe kwenye kioo kilekile bila kunyanyuka. Ninyi mnamtaka anyanyuke. Kwa hiyo trela yenu lazima imtie hamu ya kitu ambacho simu haina uwezo wa kumpa, yaani kukaa chumba kimoja na binadamu anayetokwa jasho, anayelia, anayepiga ngoma hatua chache kutoka alipo. Kila uamuzi mtakaoufanya, kuanzia sehemu ya kurekodia hadi urefu wa picha ya mwisho, upimeni kwa kipimo hicho.

Tuchukue mchezo unaofahamika ili tusizungumze hewani. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969, na imepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa fasihi na wa sanaa za maonyesho. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907: njaa na kazi ya shokoa mashambani, Kinjeketile anayetoka kwenye maji ya Mto Rufiji na ujumbe wa umoja, makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka yanaungana, kisha bunduki za Wajerumani, kisha gereza. Kikundi kikipewa dakika moja, kishawishi ni kuyaweka yote hayo. Mtazamaji atatoka na muhtasari wa somo la historia. Amejua mambo yote, hajaguswa na hata moja, na hana sababu ya kuja.

Chagueni swali moja. Kwa Kinjeketile, mimi ningechukua hili: mtu aliyetoa neno likawasha nchi nzima, je, bado ana uwezo wa kulizuia? Swali hilo likishakaa mezani, uteuzi unakuwa mwepesi. Vita havihitajiki kwenye trela. Gereza lisionekane kabisa, kwa kuwa ndiko swali linakojibiwa. Kinachotakiwa ni maji, umati unaosubiri, na uso wa mtu ambaye hana hakika kama umati huo umemsikia alichosema au umesikia ulichotaka.

Mkikwama kupata swali, kuna njia ninayoiamini kuliko kikao cha kamati. Mpeni meneja wa jukwaa daftari, akae mazoezini bila kuwatazama waigizaji walio jukwaani. Awatazame wale waliokaa pembeni wakisubiri zamu yao. Hao wameuona mchezo mara nyingi mno, wanachezea simu, wanapiga soga, wanakula karanga. Lakini katika kila mchezo mzuri kuna mahali ambapo hata wao hunyamaza na kuinua vichwa, siku baada ya siku. Mahali hapo paandikwe. Ndipo trela yenu ilipo.

Sasa kurekodi. Msitegemee picha za mazoezi. Tengeni nusu siku, wiki mbili hivi kabla ya onyesho, maleba yakiwa tayari, mrekodi kwa ajili ya kamera peke yake. Kamera ipande jukwaani, iingie katikati ya waigizaji. Mwigizaji aliyezoea kutupa sauti hadi kiti cha mwisho ataonekana anafoka iwapo lenzi iko nusu mita kutoka puani mwake. Msimwambie apunguze kuigiza, maana ataganda. Mwambieni amwambie maneno yaleyale mtu mmoja aliyesimama pembeni ya kamera, kwa nguvu ya kumfikia huyo mmoja tu. Uso utatulia wenyewe.

Hata hivyo msibaki na nyuso pekee. Pateni picha moja au mbili kutoka kwenye viti vya watazamaji, visogo vya watu wa mstari wa mbele vikionekana chini ya picha na jukwaa likiwaka mbele yao. Waombeni wenzenu wa darasani waje kujaza viti hivyo kwa robo saa. Picha ya namna hiyo inamwambia mtazamaji kuwa kuna mahali, kuna watu, na kuna kiti chake.

Kwa Kinjeketile, orodha yangu ya picha ingekuwa fupi. Viganja viwili vinapokea kibuyu kutoka viganja vingine. Matone yanaangukia mbao za jukwaa, karibu sana, kiasi cha kuona vumbi likilowa na kubadilika rangi. Miguu ya wanaume ikisogea mbele kidogo kidogo, bila uso wowote. Mwanamke mmoja anasikiliza, na hatujui anasikiliza nini. Kisha Kinjeketile kwa nyuma, mabega yake tu, na mbele yake kikundi kizima kimemkodolea macho. Picha ya mwisho ni uso wake anapofumbua kinywa, halafu giza. Hakuna risasi wala damu.

Mtapata wazo la kwenda kurekodi mtoni, au ufukweni Bagamoyo wakati jua linazama. Naelewa hamu hiyo, picha zitakuwa nzuri. Likataeni wazo hilo hata hivyo. Mtazamaji aliyeahidiwa mto akija na kukuta kitambaa cha buluu kinachotikiswa na wasichana wawili atajiona amedanganywa, ilhali kitambaa hicho, kikitikiswa vizuri chini ya taa moja ya pembeni, ni miongoni mwa vitu vizuri mno ambavyo jukwaa linaweza kufanya. Onyesheni kitambaa. Anayependa ukumbi atakitambua na kuja kwa ajili yake.

Mwanga wa kumbi zetu una tatizo linalowasumbua wengi bila kujua chanzo. Umeme wetu, Tanzania, Kenya na Uganda, huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za tyubu pamoja na baadhi ya taa za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde kufuatana nao. Jicho halioni. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, hesabu inayofuata umeme wa Marekani, na hapo ndipo mnapoona michirizi ya giza ikipanda na kushuka kwenye picha. Ingieni kwenye mipangilio ya kamera mweke fremu 25 kwa sekunde, na mkiweza kuchagua kasi ya shata, iwe 1/50 au 1/100. Kama kamera ya simu yenu haitoi nafasi hiyo, kuna programu za bure kama Blackmagic Camera zinazoitoa. Ikishindikana kabisa, zimeni tyubu na mrekodi kwa taa za jukwaani za balbu ya kawaida, au mchana karibu na dirisha kubwa.

Tatizo la pili ni giza la nyuma. Simu ikiona eneo kubwa jeusi hudhani picha nzima ina kiza, inaongeza mwanga, na uso wa mwigizaji unageuka doa jeupe lisilo na macho. Gusa uso kwenye kioo, shikilia kidole mpaka kamera ijifunge hapo, kisha shusha mwanga taratibu hadi ngozi irudishe rangi yake. Ngozi zetu nyeusi hupendeza mwanga ukitoka ubavuni, hivyo mgeuzeni mwigizaji badala ya kuongeza taa. Upande uliobaki gizani mnaweza kuulainisha kidogo kwa manila nyeupe iliyoshikwa nje ya fremu. Na kabla ya yote hayo futeni lenzi. Mafuta ya vidole kwenye lenzi ya simu huharibu picha nyingi kuliko ubovu wa kamera.

Nije kwenye sauti. Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo trela za wanafunzi huanguka, na ukumbi huvutia watu kwa masikio kabla ya macho. Kumbi nyingi za shule na vyuo vyetu ni zege, vioo na mabati. Neno likitamkwa jukwaani linazunguka ukuta kwa ukuta, na kadiri maiki inavyokuwa mbali na mdomo ndivyo inavyookota mzunguko huo badala ya neno. Dawa yake haina gharama. Chukueni simu ya pili, iwekeni kwenye hali ya ndege ili asiingie mpigaji katikati, washeni kinasa sauti, muifiche ndani ya vazi la mwigizaji kifuani. Mkiwa na spika za masikioni za waya zenye maiki, pitisheni waya chini ya nguo na kubana maiki karibu na kola. Mwanzoni mwa kila kipande mnachorekodi, mtu mmoja apige kofi moja mbele ya kamera. Mhariri atatafuta mlio wa kofi kwenye sauti na kukutana kwa viganja kwenye picha, ataviweka sambamba, na picha itapata sauti safi.

Maneno mnayotaka yasikike bila mdomo kuonekana yarekodini upya, tena stoo ya maleba. Chumba kidogo kilichojaa kanga, majoho na mapazia yaliyotundikwa humeza mwangwi kuliko chumba chochote cha chuo. Mwigizaji asimame katikati ya nguo na kusema kwa sauti ya chini. Gari lililofungwa vioo nalo linafaa. Msisahau kurekodi nusu dakika ya ukimya wa ukumbi wenyewe bila mtu kuongea wala kusogea. Ukimya huo una mlio wake, feni, taa, ndege juu ya paa, na mhariri atauhitaji kuziba nyufa kati ya kipande na kipande. Mvua ikianza kupiga mabati, simamisheni kazi. Hakuna programu itakayoitoa.

Muziki upigeni wenyewe. Kama mchezo wenu una ngoma, marimba, zeze au kwaya, basi mna muziki ambao hakuna mtu mwingine anao, na ndio atakaousikia mtazamaji akifika. Wimbo wa msanii anayevuma ni mali ya wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ofisi ya COSOTA, Kenya kuna KECOBO. Hata asipokuja mtu kuwadai, mitambo ya YouTube hutambua wimbo na inaweza kunyamazisha au kuzuia video yenu siku mbili kabla ya onyesho. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Wimbo maarufu huja na kumbukumbu zake, harusi, baa, mpenzi wa zamani, na mtazamaji anaondoka na kumbukumbu hizo akiuacha mchezo wenu nyuma.

Hapohapo kwenye haki: ruhusa ya kuigiza mchezo haina maana ya ruhusa ya kuurekodi na kuusambaza. Mwandikieni mwandishi au mchapishaji mapema, mtaje urefu wa trela na mahali itakapowekwa. Mkirekodi nje ya eneo la chuo, ulizeni kwanza vibali vinavyohitajika.

Na kuna ruhusa ya waigizaji wenyewe, ambayo ni nzito kuliko tunavyoichukulia. Fikiria msichana wa kidato cha tatu anayeigiza Suzi katika Kilio Chetu, mchezo unaozungumzia vijana na UKIMWI, ambamo Suzi anapata mimba akiwa bado mtoto wa shule. Ukumbini watu wanaona safari yote na wanamwonea huruma. Sekunde nne za msichana huyo analia akishika tumbo, zikikatwa na kutumwa bila maelezo kwenye makundi ya WhatsApp, zinaweza kumfuata njiani, darasani na nyumbani kwa miaka. Mwonyesheni trela iliyokamilika kabla haijatoka, mkiwa naye peke yake, bila kikundi kizima kumkodolea macho. Akisita, kitoeni kipande hicho bila kumbembeleza. Kwa wanafunzi wa sekondari, mkuu wa shule aidhinishe na mzazi au mlezi asaini karatasi.

Uhariri nitaupitia haraka. Kwenye simu wengi hutumia CapCut. Kwenye kompyuta DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu, na Kdenlive ni ya bure kabisa. Yoyote itawafaa. Hakikisheni tu haiachi nembo yake kwenye kona ya video. Pangeni sauti kwanza, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila picha. Ikiwasisimua mkiwa mmefumba macho, wekeni picha juu yake. Acheni sauti ya kipande kinachofuata ianze kusikika kabla picha yake haijafika, jicho litavutwa mbele. Halafu tazameni yote simu ikiwa imenyamazishwa, kwa sababu wengi wataiona hivyo kazini, darasani au kwenye basi. Maneno mawili matatu muhimu yaandikwe kwenye picha, makubwa, rangi moja, yakae kimya bila kuruka wala kuzunguka.

Msikate kila sekunde. Vijana wengi wanaamini kasi ndiyo inayoshika mtu, na kweli sekunde tatu za mwanzo hazina msamaha: zianze na kitu kinachotokea, kamwe zisianze na nembo ya chuo wala shukrani kwa wafadhili. Hao waheshimiwa wawekwe mwisho. Lakini baada ya hapo iachieni picha moja ikae sekunde nane bila kuguswa, mtu anapumua, anatafuta neno. Kwenye simu sekunde nane ni ndefu sana, na mtazamaji ataanza kuhisi muda unavyopita jukwaani. Hicho ndicho mnachouza.

Urefu wote usizidi dakika moja, na tengenezeni toleo jingine la sekunde 15 kwa ajili ya stetasi. Wakati wa kurekodi fikirieni picha ya wima kwanza, kwani wengi hawataigeuza simu. Taarifa za mwisho zikae kwenye kioo sekunde tano au zaidi, watu wapate kupiga picha ya kioo: jina la mchezo, jina la mwandishi, siku na tarehe, saa, ukumbi na mahali ulipo, kiingilio, namba ya kulipia na ya kuulizia. Andikeni “saa 12 jioni” na mshikilie namna hiyo kila mahali. Bango likisema 6:00 na trela ikisema saa 12, kuna watu watafika saa sita mchana au wasifike kabisa.

Video ya dakika moja ya ubora wa 1080 ikisafirishwa kwa megabiti 4 kwa sekunde hutoka na uzito wa MB 30 hivi, kiasi ambacho bando la mwanafunzi linaweza kuvumilia. WhatsApp huibana video inapotumwa kama video. Kwa hiyo wanakikundi watumieni kama dokumenti, kila mmoja aiweke kwenye stetasi yake kutoka kwenye faili la asili. Ukurasa rasmi wa chuo una wafuasi wengi, lakini watu wanaonunua tiketi ni shangazi wa mwigizaji, binamu yake, mwenzake wa bweni na mwalimu wake wa zamani. Kila mwigizaji aitume kwa watu wake mmoja mmoja, na ujumbe wa sauti wa maneno machache: “Shikamoo shangazi, Ijumaa naigiza, nataka nikuone mstari wa mbele.” Ujumbe wa namna hiyo haupuuzwi kirahisi.

Itoeni siku kumi kabla ya onyesho, jioni, na kwa vyuo vikuu vya Tanzania angalieni kama bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, limeingia. Mwanafunzi asiye na hela ataipenda trela, ataituma mbele, na hatanunua tiketi. Toleo la sekunde 15 litoke siku tatu kabla.

Kama mna maonyesho zaidi ya moja, usiku wa kwanza wekeni mtu mmoja mlangoni na simu iliyo tayari. Watu wakitoka awaulize wanne au watano, kwa ridhaa yao, wamebaki na nini. Achukue sekunde ishirini za majibu hayo, hata yule anayesema bado hajapata la kusema. Zihaririwe usiku huohuo na zitoke asubuhi kabla ya onyesho la pili. Hapo mnaweza kuongeza picha chache za ukumbi uliojaa.

Onyesho la mwisho likipita, ibadilisheni ile video iliyoko mtandaoni: ondoeni namba ya malipo na tarehe, acheni jina la mchezo, mwaka na majina ya wote walioshiriki, hadi aliyeshika manila. Rekodi za asili, pamoja na zile ambazo hazikutumika, ziwekwe kwenye diski mbili, moja kwa mlezi wa kikundi na nyingine maktaba ya chuo, zikiwa na karatasi inayoeleza kila faili ni la siku gani na nani anaonekana ndani yake.